Kura Moja ya Nashon

Katika timu ya Rangi, kocha hakuchagua kipa. Wageni walishangaa wakisikia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa tangu wauza rangi wa Ngara waianzishe hiyo timu yao ya hoki, na kila kocha aliyejaribu kubadilisha mambo alizomewa mpaka akanyamaza. Kipa alichaguliwa na mabeki wanne. Marehemu mwanzilishi alikuwa akisema kocha anakaa pembeni na chai yake, beki ndiye anayemgeuzia kipa mgongo mechi nzima, basi acheni beki aseme ni nani anayemwamini nyuma yake. Kila mwaka, mwezi wa pili, kabla ligi haijaanza, mabeki waliandika jina kwenye kikaratasi, wakakitumbukiza ndani ya helmeti ya kipa, na Mzee Mungai, mwenye duka na mwenye pesa, akasoma.

Na hapo palikuwa na pesa kweli. Wachezaji wengine walipewa nauli na chapati. Kipa peke yake alikuwa na mshahara, kwa sababu Mzee Mungai alisema huwezi kumsimamisha mtu mbele ya mpira mgumu kama jiwe halafu umshukuru kwa chapati. Kipa wa kwanza alipata elfu kumi na mbili kwa mwezi, wa pili elfu sita. Lakini hata huyo wa pili alikuwa na sharti lake: lazima apate kura moja, hata ikiwa moja tu. Asiyepata hata moja alivua pedi, akazirudisha, akaenda zake. Ya nini kumlipa mtu ambaye hakuna beki hata mmoja anayemtaka? Sharti lilikuwepo, ila miaka yote hiyo halikuwahi kumpata mtu.

Mwaka huo wa 2006 Thuo alikuwa na miaka thelathini na nne, beki wa kati, na kwa misimu tisa aliyesimama nyuma yake alikuwa Nashon. Walikuwa zaidi ya wachezaji wenza. Nashon alipanga vyumba viwili kwenye ploti ya mama yake Thuo kule Waithaka, yeye na mkewe Awiti na binti yao Ivyne. Wake zao walianika nguo kwenye kamba moja, na watoto walilishwa jikoni mwa yeyote aliyetangulia kuivisha. Hata kuitana kwao kulikuwa kwa watu wa boma moja: Baba Kuria, Baba Ivyne.

Nashon alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Alipaka majumba ya Muthangari, yale ya lango la umeme, na alijivunia kwamba ukuta wake ulikaa miaka kumi bila kubanduka. Halafu goti la kushoto likaharibika. Liliharibika uwanjani, siku Thuo alipoteleza na mpira ukampita, Nashon akatoka golini kama mwendawazimu akauzuia kwa mguu uliokunjika vibaya. Tangu hapo ngazi ilimshinda na kazi za majumba zikapungua. Elfu kumi na mbili za Mzee Mungai ndizo zilizobaki kuwa chakula, kodi na shule.

Na shule yenyewe ilikuwa imekuja mlangoni. Ivyne alipata alama mia tatu themanini na moja kwenye mtihani wa darasa la nane, akaitwa shule ya bweni ya wasichana huko Limuru. Mama yake Thuo alipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Nashon alinunua sanduku la bati, akalipaka buluu, na kwa brashi nyembamba akaandika jina la mtoto, na chini yake jina la shule, kwa herufi ambazo hata mchapaji angezionea wivu.

Awiti alimpigia Shiku, mke wa Thuo, hesabu yote pale kwenye kamba ya nguo. Wakipata elfu sita tu, watalipa karo kidogo kidogo na mwalimu mkuu amekubali. Wakikosa hizo sita, hakuna Limuru. Shiku alimweleza Thuo usiku huo huo, kwa hiyo asije mtu akasema Thuo hakujua. Alijua.

Shida ilikuwa Maxwell. Kijana wa miaka ishirini na mbili, mrefu, miguu myepesi, aliyetoka timu ya chuo. Mazoezini City Park alizuia mipira ambayo Nashon angeisindikiza kwa macho tu. Mabeki waliona. Nashon mwenyewe aliona, na hakuwa mtu wa kujidanganya.

Kwa siku nne Thuo alibeba kile kikaratasi moyoni. Hebu tumwonee huruma kidogo, halafu tumkasirikie. Alikuwa amecheza miaka kumi na mitatu bila kushinda hata medali ya bati. Huu ulikuwa msimu wake wa mwisho na alitaka kikombe, alikitaka vibaya sana, na alijua Maxwell angewapa. Lakini kura zilikuwa nne, na akajiambia kitu ambacho kilimpa usingizi: ile kura moja ya Nashon ipo tayari. Muthama, beki mwenzake, ataipiga. Nashon ndiye aliyemtoa Muthama kwenye kubeba magunia ya saruji akamleta Rangi, akamnunulia hata gongo la kwanza la kuchezea. Muthama akimnyima Nashon, basi huyo si mtu. Kwa hiyo, Thuo alijiambia, mimi nipige ya haki.

Jumamosi baada ya mazoezi wakaingia chumba cha kubadilishia nguo. Mzee Mungai aliketi kwenye benchi na helmeti mapajani. Thuo, Muthama, Jamleck na Makau wakapita mmoja mmoja. Nashon alikuwa ameegemea ukuta, pedi bado miguuni, akimtania Maxwell kwamba akishapewa kazi asisahau kufua glavu maana zinanuka kama omena za juzi. Watu wakacheka. Alikuwa mtulivu sana, na Thuo alifurahi kumwona hivyo.

"Maxwell," akasoma Mzee Mungai. Akakunjua cha pili. "Maxwell."

Cha tatu kikawa Maxwell. Thuo akamtazama Muthama, na Muthama akamtazama Thuo, kila mmoja akimngojea mwenzake.

Mzee Mungai alikunjua cha nne, akakigeuza, akakigeuza tena kama mtu anayetafuta tarehe kwenye risiti. Kisha akasoma kwa sauti ya chini. "Maxwell."

Nashon aliinama akaanza kufungua kamba za pedi, moja moja, bila haraka. Akazifuta tope kwa fulana yake mwenyewe. Akampa Maxwell, akamwonyesha kwamba kamba ya kushoto hulegea ukikimbia kwenye kona fupi za adhabu, kwa hiyo aizungushe mara mbili. "Asante, baba," Maxwell akasema, macho chini. Nashon akamshika bega, akapeana mkono na kila mtu, Thuo pia, akatoka akichechemea.

Thuo alimfuata Mzee Mungai mpaka kwenye gari. "Mzee, nataka kubadilisha kura yangu."

"Ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu."

"Zote zilikuwa zenu," Mzee Mungai akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Thuo, mpira ukishavuka mstari umevuka. Nikirudisha huu, kesho nitarudisha mingapi? Na huyo Nashon unadhani ataichukua, sasa?"

Thuo alimpata Muthama kwenye njia ya kwenda Ngara, gongo begani, akitembea peke yake. Hasira yote aliyokuwa nayo akammwagia yeye.

"Wewe Muthama ni mtu wa aina gani? Huyo jamaa alikutoa kwa saruji. Kura moja tu, imekushinda?"

Muthama alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Na wewe je? Mimi nilitaka kumpigia Nashon. Naapa kwa mama. Lakini Jumanne alikuja kwangu, akaenda kwa Jamleck, akaenda kwa Makau. Akatuambia tusimwonee huruma, tumpigie Maxwell, timu ishinde."

"Akasema hivyo?"

"Akasema, msiogope, kura yangu moja ninayo tayari. Nikamwuliza ya nani. Akacheka. Akasema, sasa hiyo nayo ni ya kuuliza?"

Magari yalipita. Thuo alijaribu kukumbuka kama Jumanne hiyo Nashon alikuja kwake pia, na alikumbuka kwamba alikuja. Alikuja jioni, wakanywa chai, wakazungumza juu ya paa la choo linalovuja. Neno la kura halikutajwa kabisa. Thuo alikuwa ameshukuru moyoni kwamba halikutajwa.

Alifika Waithaka jua likiwa bado juu ya mikaratusi. Aliusukuma mlango wa ploti. Nashon alikuwa ameketi kwenye kistuli nje ya mlango wake, sanduku la buluu mbele yake, msasa mkononi. Jina la Ivyne alikuwa ameliacha. Alikuwa akisugua lile la chini yake, na nusu ya herufi zilikuwa zimeshakwisha.

"Baba Ivyne," Thuo akasema. "Karo nitachangia mimi. Nitaongea na mama, kodi pia tuiache mpaka..."

"Kodi nitalipa." Nashon hakuinua kichwa. "Mchango sikuomba, Baba Kuria. Wala kura sikuomba. Niliona aibu kukuomba kitu ambacho nilidhani ni changu."

Thuo alitaka kusema alidhani Muthama. Alitaka kusema habari ya kikombe. Yote mawili yalikuwa kweli na yote mawili hayakuwa na maana, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kucheza hoki alijichukia kabisa.

Sanduku liliteleza kwenye saruji. "Shika hapo," Nashon akasema, na Thuo akapiga magoti akalishika kwa mikono miwili.

Ivyne akatoka ndani na sufuria ya kuosha. Akasimama. "Baba, mbona unafuta?"

"Rangi haikushika vizuri, mama."

Msichana alilitazama sanduku, halafu akamtazama baba yake, fundi ambaye ukuta wake ulikaa miaka kumi. Kisha akamgeukia Thuo, kwa sababu tangu utotoni akitaka kujua kama baba anatania alimwuliza Thuo.

"Ni kweli, anko?"

"Ni kweli," Thuo akasema. "Haikushika."

Ivyne akaenda bombani. Nashon akaendelea kusugua, na Thuo akaendelea kushika sanduku mpaka herufi ya mwisho ikaisha.