Siku Mtunzi Alipokuja Ukumbini

Jioni Kamene alichuja chai, akamimina vikombe vitatu, akakiweka kimoja kwenye kizingiti cha nyumba yao pale mtaani Mbotela. Mumewe, Mbaluka, alikuwa ameketi hapo akisugua kigoda kwa msasa. Mbaluka alifariki mwaka wa themanini na tatu, lakini alikuja kila jua likikaribia kuzama, kwa sababu kigoda hicho alikiacha hakijaisha. Chai hakuinywa. Alipenda mvuke wake tu.

"Niaje, mzee?" vijana waliotoka kazini walimsalimu.

"Poa," akajibu. Neno hilo alilijifunza baada ya kufa.

Mjukuu wao Kavutha, wa darasa la saba, alikuwa ndani akifanya mazoezi ya wimbo. Wimbo ulikuwa wa babu yake. Aliutunga mwaka wa uhuru, akichonga twiga pamoja na wenzake kule Pumwani: *Tumeichonga nchi yetu, njooni tuketi sote.* Mwalimu mmoja mpita njia aliusikia, akaufundisha shuleni kwake, na tangu hapo ukaimbwa kila sikukuu. Kabla haujaanza, mtangazaji husema, "Wimbo wa wananchi. Mtunzi hajulikani."

Kavutha alitaka jambo moja tu, jina la babu yake lisikike kwenye kipaza sauti. Mwalimu wake, Nafula, alilifikiria sana jambo hilo. Katika tamasha la muziki, nyimbo za kizalendo hazitajiwi mtunzi. Za klasiki hutajiwa. Basi akamwandikisha Kavutha kwenye klasiki, upande wa waimbaji wa peke yao, kisha akakaa naye saa ya chakula cha mchana akimshonea kola ya sare iliyochakaa.

Siku ya tamasha, zamu ya Kavutha ilifika mchana ukielekea kuisha. Alipotaja wimbo wake, jaji mkuu, Bwana Irungu, aliinua kalamu.

"Huo ni wa kizalendo, binti. Umekosea mlango."

"Ni klasiki, mwalimu."

"Klasiki ni wimbo ambao mtunzi wake alishakufa na watu bado wanauimba."

"Basi ndio huu. Babu alishakufa."

Watu wakacheka. Irungu hakucheka. "Nani anajua?"

"Susu, nyanya yangu, yule pale nyuma."

Kamene akasimama, mkoba kifuani. "Nilimzika mwenyewe, Machakos, siku ya mvua. Jirani mmoja alinishikia mwavuli mpaka mwisho, yeye akalowa."

"Mama, pole. Lakini mke atamtetea mumewe. Angekuwepo mtunzi mwenyewe, tungemuuliza."

"Atakuja," Kamene akasema. "Ngojeni jua lishuke kidogo."

Wakangoja. Wacera, jaji wa pili, alimwagizia Kavutha maji ya uvuguvugu asikaukwe koo, na mlinzi akafungua mlango wa nyuma kwa sababu wazee hawapendi ngazi za mbele.

Mbaluka aliingia kupitia mlango huo, kigoda kwapani, unga wa mbao mabegani. Alijipangusa miguu. Wacera akainuka ampe kiti chake. Mbaluka akamshukuru, akaketi kwenye kigoda.

"Mzee, wimbo huu umeutunga wewe?" Irungu akauliza.

"Ni mimi."

"Na umekufa?"

"Ndiyo. Kifua. Vumbi la mbao."

"Pole sana."

"Asante. Imepita."

Irungu akafikiri, akajikuna shingo. "Lakini sasa uko hapa."

"Niko hapa."

"Basi hapo ndipo penye shida. Mtunzi aliyeketi ukumbini siwezi kumhesabu marehemu. Wimbo ni wa kizalendo."

"Si angebaki tu nyumbani!" mtu akasema kwa sauti, na ukumbi mzima ukacheka, Mbaluka naye akacheka.

Kamene alitikisa kichwa. "Huyu mzee! Hata harusini kwetu alifika kabla ya mchungaji."

Kavutha hakucheka. Kidevu kilikuwa kimeanza kumcheza. Wacera alikiona, akamnong'oneza Irungu jambo, na Irungu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakubali mtoto aimbe bila kupewa alama.

Mtangazaji akashika kipaza sauti. "Wimbo wa wananchi," akasema. "Mtunzi hajulikani." Mbaluka alikuwa ameketi karibu naye sana, hata waya ulipita juu ya kiatu chake.

Kavutha hakuanza. Alisogea mbele ya jukwaa, mbali na kipaza sauti.

"Umetungwa na Mbaluka, mchongaji, wa Mbotela," akasema. Kisha akaimba.

Wachongaji wa zamani wa Pumwani, waliokuwa wameingia nyuma ya Mbaluka wakakosa viti, walivua kofia. Walio hai nao wakasimama, kwa sababu wimbo huo huimbwa watu wakiwa wamesimama. Irungu alisimama pia. Mbaluka peke yake ndiye aliyebaki ameketi, kama wimbo ulivyomwambia.

Matokeo yaliposomwa, jina la Kavutha halikuwemo. Sikukuu iliyofuata redio ilisema tena kwamba mtunzi hajulikani, na hata sasa inasema hivyo. Lakini shuleni kwa Nafula watoto hujibu, "Anajulikana!" na kumtaja, halafu ndipo wanaimba.

Jumatatu baada ya tamasha, Kamene alipotoka na chai alimkuta mumewe na mgeni, bibi mmoja wa Bungoma aitwaye Nalianya, aliyetunga wimbo wa kubembeleza watoto akafa bila kuulizwa jina. Alikuwa amesikia kwamba hapa kuna msichana anayetaja watu. Nyuma yake, kando ya ua, wengine walikuwa wamepanga foleni bila kusukumana.

"Karibuni," Kamene akasema, akarudi ndani kuongeza maji kwenye sufuria.

Kavutha alitoka, akachuchumaa mbele ya bibi yule. "Nifundishe pole pole," akamwambia.

Mbaluka alikipuliza kigoda vumbi la mwisho. Kilikuwa kimeisha. Akamsogezea Nalianya aketi, akatazama urefu wa foleni, kisha akachukua gogo jingine akaanza kulichonga.