Mama Amekubali

Je, wewe umewahi kulala chali, sindano saba zimesimama gotini, tabibu akakuuliza unasikiaje, halafu akajibu mtu mwingine?

Hayo ndiyo yaliyomkuta Bi Xiuzhi siku ya Jumanne, kwenye chumba cha sindano cha Tabibu Hou, hapo mjini Bozhou, Uchina.

Magoti yalikuwa yakimtesa mwaka wa tisa sasa. Vidonge vya maumivu alivimeza mpaka tumbo likaungua, akatapika damu, na daktari wa hospitali mwenyewe akamwambia avipunguze. Tangu hapo ni sindano hizi nyembamba zisizo na dawa ndani, Jumanne na Ijumaa. Hazikumponya, na hakumdanganya mtu kwamba amepona. Lakini ngazi zake alipanda na kabichi mkononi, vitunguu vyake alipalilia, usingizi akapata.

Siku hiyo alifuatana na mwanawe Jianping, aliyekuja kutoka mji mkuu wa jimbo na koti la kijivu na maneno mengi. Tabibu alipoweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono, Jianping akasema, "Halali vizuri." Bi Xiuzhi alipoambiwa atoe ulimi, Jianping akasema, "Nyama hali kabisa." Na mwenye ulimi, ulimi uko nje, angejibu vipi?

Sindano ya mwisho ikaingia chini ya goti, upande wa nje. Tabibu akaizungusha taratibu kwa vidole viwili, akitafuta ule uzito unaoonyesha kwamba imefika panapotakiwa.

"Imefika, Dada? Unasikia uzito? Ganzi?"

"Ganzi," akasema Jianping.

Kwenye kitanda cha pili alilala Mzee Tao, mwenye mdomo uliopinda, sindano zimemjaa usoni kama nungunungu. Akacheka upande mmoja. "We kijana, kwani goti hilo umeliazima?"

"Mzee wangu, mama yangu namsemea mimi. Ndiyo heshima. Tena, Tabibu, leo ndiyo mwisho. Nampeleka kwangu, ghorofa ya kumi na saba, lifti ipo. Nitamnunulia dawa nzuri za nje. Mambo ya kuchomwachomwa kama mto wa pini wa fundi cherehani, basi. Mama amekubali."

Amekubali! Lini? Jana mezani alinyamaza kwa kuwa alikuwa anatafuna, naye Jianping akauchukua ukimya ule kama sahihi ya mkataba. Bi Xiuzhi alihisi kifua kinawaka kuliko pakanga, yale majani makavu aliyofukiziwa mguuni kuupasha moto. Mtoto huyu alipokuwa mdogo, akishikwa na homa, yeye mama usiku na mchana alimwuliza, "Panauma wapi, mwanangu?" Akamngoja ajibu, hata kwa kilio. Hakumjibia hata mara moja!

Tabibu hakumtazama Jianping. "Sisukumi sindano kwa ganzi ya mtu mwingine. Dada, imefika?"

"Haijafika," akasema Bi Xiuzhi. "Ganzi hakuna. Nasikia kama nimebanwa na mlango. Na wewe Jianping, nyamaza nikwambie. Mimi sikukubali kitu. Sitaki ghorofa yako, sitaki vidonge vyako. Nataka sindano zangu, Jumanne na Ijumaa, na nataka kukaa nyumbani kwangu."