Mguu Unaolala Safari Nzima

Shika hiki nikutegee, na usiharakishe. Ndugu wawili wamepanda safari moja. Wa kulia ndiye anayefanya kazi zote. Wa kushoto amelala kuanzia mlangoni mpaka mwisho wa safari, na hakuna anayemgombeza. Ni nani hao?

Umeshindwa? Basi jibu nakupa bure. Ni miguu ya mtu anayeendesha gari la otomatiki. Wa kulia unakanyaga mafuta, breki nayo ni ya huohuo wa kulia. Wa kushoto umealikwa tu.

Gari la namna hiyo walikuwa nalo mume na mke mmoja, watu wazima, wajukuu zao wameshatawanyika. Mume aliendesha mabasi maisha yake yote, na mtaa mzima ulimwita Kapteni. Mke alikuwa fundi cherehani, akiitwa Mama Pindo, kwa sababu mtaani pale hapakuwa na suruali ambayo hakuwahi kuikunja na kuipunguza. Gari lao lilikuwa kuukuu, rangi imefifia kama shuka iliyofuliwa mno, lakini kila asubuhi Kapteni alimpeleka mkewe dukani kwake nalo, akisimulia njia nzima. Hadithi zilikuwa zilezile. Mama Pindo alizipenda hivyohivyo, kama mtu anavyopenda mto wake wa kulalia.

Asubuhi moja, wakiwa kwenye chai, Mama Pindo alikuwa na suruali ya mumewe mapajani. Pindo la kushoto lilikuwa limelika kwa mbele. Akachukua suruali nyingine, nayo vilevile. Akainama chini ya meza akatazama viatu: cha kulia kizima, cha kushoto kimechubuka puani, kama kimekuwa kikiburuzwa. Mtu aliyeshona miaka yote hiyo anasoma nguo kama wengine wanavyosoma gazeti.

"Baba," akasema, uzi mdomoni, "mguu huu wa kushoto unauma?"

Kapteni akatazama huku na huku. "Sukari iko wapi?"

Sukari ilikuwa mbele yake. Mama Pindo akaisogeza kidogo, akarudi kwenye pindo lake.

Siku hiyohiyo, kwenye mlima wa kwenda dukani, gari likawageuka. Injini ilinguruma kwa nguvu zote, lakini gari lenyewe likajikokota kama linavutwa kwa kamba. Kapteni akalibembeleza, "Twende mama, twende bibi," maneno ambayo mkewe hakuwahi kuambiwa kwa upole ule, mpaka wakafika gereji.

Fundi wa pale alikuwa jamaa mnene, mcheshi, na wateja walimwita Mnusa, kwa kuwa ugonjwa wa gari aliutafuta kwanza kwa pua. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakinusa, akampa Mama Pindo.

"Mama, hebu na wewe."

Oili iliyopaswa kuwa nyekundu ilikuwa nyeusi. Mama Pindo akanusa. "Pasi. Pasi iliyosahauliwa juu ya nguo."

"Umemaliza. Sahani za ndani zimeungua, ndiyo maana gia hazishiki." Mnusa akafuta mikono. "Sasa, njia ni mbili. Niifungue hii yenu, nibadilishe zilizoungua, lakini vifaa vyake vinaagizwa mbali, mtasubiri sana. Au niitoe kabisa, niwawekee giaboksi ya gia za mkono. Ninayo hapo chini ya meza, nzima, imetoka kwenye gari la aina hii hii. Naongeza pedali ya klachi, mnaondoka."

"Weka ya mkono," Kapteni akasema palepale. "Mimi nimekanyaga klachi za mabasi, hiyo ni ya kuchezea."

Mama Pindo akautazama mguu wa mumewe. Klachi ni kazi ya mguu wa kushoto. Ikiwekwa ile pedali ya tatu, gari litakaa uani, na Kapteni atakaa kibarazani akilitazama, na yeye Mama Pindo njia ya dukani ataipita peke yake, bila hadithi. Lakini kumsemea mumewe mbele ya fundi, hilo nalo hakuliweza.

"Basi mzee wangu," Mnusa akasema, "nisogezee pikapu ile, nipate nafasi kwenye shimo."

Kapteni akapanda. Mama Pindo akaona kile ambacho fundi hakukiona: mkono wa mumewe ukishuka, ukashika suruali kwenye goti, ukaunyanyua mguu na kuupandisha juu ya klachi. Pikapu ikaruka kama chura, ikazima. Akaiwasha tena. Ikaruka, ikazima.

"Betri hii," Kapteni akasema.

Mnusa alikuwa ameshafungua mdomo, lakini Mama Pindo alimwahi. "Fundi, isogeze mwenyewe. Na hiyo giaboksi yako ibaki hukohuko chini ya meza. Tengeneza yetu. Nataka kujifunza gari."

Wanaume wote wawili wakamgeukia.

"Wewe?" Kapteni akauliza.

"Mimi. Nimekanyaga cherehani tangu usichana, miguu yote miwili. Sasa nataka kazi ya mguu mmoja."

"Kwa umri huu?"

"Ndio niliobaki nao. Mwingine nilishautumia."

"Mama akiingia barabarani," Mnusa akasema, "mniarifu mapema nihame mtaa."

Walisubiri, tena sana. Walikwenda dukani polepole kwa miguu, Mama Pindo akijifanya ndiye anayechoka, akisimama kila kona ili mumewe apumue. Siku gari lilipotoka gereji, gia zilipanda kama mkasi mkali unapopita kwenye kitambaa, na Kapteni akasimulia njia nzima.

Tatizo likawa moja tu: ule uongo wa gereji sasa ulikuja kumdai mwenyewe. Jumapili mchana Kapteni akampeleka kwenye uwanja mtupu, akamkalisha kwenye usukani, yeye akakaa pembeni. Mama Pindo akakanyaga, mguu wa kulia mafuta, wa kushoto breki, yote miwili kwa pamoja, kama cherehani. Gari likanguruma na kuinamisha kichwa, likanguruma na kuinamisha kichwa.

"Mama Pindo, hushoni," Kapteni akasema huku akicheka mpaka machozi. "Wa kushoto hauna kazi. Ulaze."

"Umezoea, hautaki."

"Ulaze tu. Upumzike."

Akaulaza. Gari likatambaa mbele taratibu, likauzunguka uwanja, na yeye usukani kaung'ang'ania kama unataka kumtoroka. Kapteni alikuwa ameacha kucheka. Mkono wake ulikuwa gotini, juu ya suruali ile yenye pindo jipya.

"Sukari niliiona siku ile," akasema.

Mama Pindo hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, kama alivyofundishwa.

"Unauma, mke wangu. Tangu mvua zilipoisha. Niliogopa utaninyang'anya funguo."