Mkono wa Kushoto wa Ilinca

Jumatatu kabla ya ukaguzi, Mwalimu Otilia Brânzei aliwafanyisha darasa la nne mazoezi ambayo shule zote za Podu Vechi huyafanya: anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mkaguzi ataona mikono yote iko juu. Mwalimu ataita ya kulia tu.

"Na mimi je, Mwalimu?" aliuliza Ilinca. "Jibu ninalo, ila si lile ulilotuandikisha."

"Basi wewe kushoto, mama. Usije ukaniharibia."

Otilia hakuwa na raha hata chembe. Ukaguzi huu ndio ungempandisha hadi daraja la kwanza la ualimu, na usingizi ulikuwa umemhama. Katika chumba cha walimu wote walikubaliana kwamba ubunifu wa mtoto ni kitu cha kulea.

"Lakini wakariri kwanza," alisema mkuu wa shule, Bwana Zaharia, akikoroga kahawa. "Watabuni nini na vichwa vitupu?"

Wakacheka. Otilia naye alicheka.

Siku yenyewe aliwauliza wanafunzi majira ya kuchipua ni nini. Mikono yote ikapanda.

"Majira ya kuchipua ni mwamko wa maumbile," alijibu Toma. Rodica naye akajibu vivyo hivyo, neno kwa neno. Mkono wa Ilinca ulikaa juu mpaka ukatoa majani kwenye kiwiko, kisha maua meupe, kisha cheri. Mwenzake wa dawati akasogeza daftari lisichafuke.

Mkaguzi alichuma cheri mbili, akala, akatemea kokwa kwenye leso. "Huu ndio ubunifu! Hongera, Mwalimu."

"Naomba kusema," alisema Ilinca.

"Nimekuona, mwanangu," alisema Otilia. "Shusha mkono."

"Haushuki."

Otilia akamwita Toma tena.

Daraja alilipata. Wiki ile ile Bwana Zaharia alilalamika kwamba tawi linaziba ubao, basi Otilia akaja na mkasi ambao mumewe hupogolea mizabibu. Roho ilimuuma kweli. Kabla ya kukata alipiga magoti kando ya dawati.

"Haya niambie, siku ile ulitaka kusema nini?"

Ilinca alifikiri sana. Kisha akanyoosha mkono wa kulia.

"Majira ya kuchipua ni mwamko wa maumbile."

"Vizuri sana," alisema Otilia, machozi yakimlenga, akakata.