Mimea Inabadilisha Nguo

Usiku wa kuamkia jana, Gwakisa Mwaipaja aliota anapigiwa hodi kutoka ndani ya tangi lake la samaki.

Tangi lenyewe halikuwa na samaki bado. Lilikuwa na maji, udongo mweusi, mimea na gesi, na lilikuwa limewekwa sebuleni kwao, Mbeya, mbele ya kitanda cha mkewe Tusekile. Daktari alikuwa amemwagiza Tusekile alale hadi atakapojifungua, maana mimba ya kwanza ilitoka na hii ya pili nayo ilianza kutishia. Kitanda kikahamishiwa sebuleni, na baada ya siku mbili tatu mama kijacho akawa amezikariri mbao zote za dari. Gwakisa akaona amtafutie kitu kingine cha kutazama, kitu cha kijani chenye uhai.

Yeye ni fundi friji. Mitungi, koki na geji anavifahamu hata akiwa amefumba macho. Aliposikia kwamba mimea ya majini hustawi ikipewa kabonidioksidi, alifunga mtungi, akapitisha mpira, akaweka kile kigae kinachosaga mapovu yawe laini kama ukungu, na ndani ya maji akaning'iniza kichupa kinachobadilika rangi: bluu gesi ikiwa haba, njano ikizidi, kijani ikitosha. Kazi safi. Tusekile akaitazama ile mimea, kisha akajigusa tumbo. "Hii ikishika, na hii itashika," akasema, kwa utani ambao haukuwa utani sana.

Haikupita wiki, majani yakaanza kuoza. Yalilegea, yakawa kama mlenda, yakakatika yenyewe. Gwakisa akafunga gesi, akafungua, akapunguza, akaongeza. Ikafika mahali anang'oa mche mmoja mmoja kuangalia kama mizizi bado ipo, kisha anaurudisha. Juzi jioni Tusekile akageukia ukutani, akasema taa ya tangi inamuumiza macho. Gwakisa akaizima, akajitupa kwenye godoro sakafuni karibu na mkewe. Ndipo akasikia hodi.

"Karibu," anasema Gwakisa, kwa mazoea.

"Hatuji. Wewe ndiye unayeitwa."

Aliyejibu ni mtungi wa gesi. Amesimama mlangoni, amevaa tai.

"Naitwa na nani?"

"Wapangaji wako. Wana malalamiko."

Gwakisa anavaa kandambili, anaufuata mtungi. Sebule inarefuka, inarefuka tena, na inapoishia ni kliniki ya mama na mtoto. Ni mchana kweupe. Kuna benchi, kuna bango la chanjo, kuna foleni. Waliokaa kwenye foleni ni samaki, kila mmoja na begi lake.

"Mnasubiri nini?" Gwakisa anauliza.

"Maji yakomae," anajibu samaki wa mbele bila kugeuka. "Tuliambiwa tusiingie kabla maji hayajakomaa. Haya hayajafikisha hata mwezi."

Kule mbele, konokono aliyevaa sare nyeupe ya unesi anapima maji uzito. Maji yamevalishwa ile suruali ya kuning'inizia watoto kwenye mizani, na hayavuji. Yanalia kidogo tu.

"Mzazi wa maji haya ni nani?"

Samaki wote wanamtazama Gwakisa.

"Mimi," anasema.

"Uzito unaongezeka," nesi anasema, "lakini tumboni bado yana sumu ya amonia. Vijidudu vya kuisafisha vimeshaingia, sasa hivi vinatandika vitanda. Usiyaharakishe. Umekuwa ukiyaharakisha?"

"Kidogo, nesi."

"Mtoto haharakishwi, baba. Anayefuata!"

Gwakisa anataka kuuliza ni mtoto yupi anayesemwa, lakini kliniki imeshaondoka na benchi lake. Limebaki geti. Mlinzi wa geti ni kile kichupa cha rangi. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, na ana bluu ya mtu aliyeugua muda mrefu, kiasi kwamba Gwakisa anaona amwamkie.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unaniona nilivyo?"

"Bluu."

"Ni njaa. Si yangu, ya hao walioko ndani. Asubuhi nilianza kuingia kijani, ukafunga koki. Mchana ukaifungua yote, nikaenda njano, nikawa nahema. Jioni ukaipunguza mno. Mimi ni mmoja tu, baba. Chagua kipimo kimoja, kisha uniache nikizoee."

"Nilikuwa na wasiwasi."

"Wasiwasi hauna rangi. Ungekuwa nayo ningekuonyesha." Mlinzi anamtazama juu hadi chini. "Wanaopita hapa ni mapovu tu. Wewe ni povu?"

"Mimi ni fundi friji."

Mlinzi anatafakari jambo hilo. "Basi leo utapita kama povu. Panga mstari."

Gwakisa anapanga mstari, nyuma ya povu moja lenye adabu na mbele ya jingine linalosukuma. Wanapita mmoja mmoja, kwa mwendo wa taratibu, bila kuongea. Zamu yake inafika. Kigae kinamsaga. Hakuna maumivu; ni kama kuchanwa nywele na mtu asiye na haraka. Upande wa pili anatokea akiwa ukungu, anaelea, na kandambili zake zinaelea pembeni.

"Funga macho!" sauti nyingi zinapiga kelele kwa pamoja.

Amechelewa, ameshaona. Mimea yote imesimama nusu uchi kwenye udongo mweusi. Mmoja anahangaika kujivua jani lililomganda kiunoni. Mwingine ameshavua, amejifunika kwa mikono. Majani ya zamani yametupwa chini ovyo, kama nguo za watu waliofika kutoka safari.

Gwakisa anafunga macho. "Samahani jamani. Nilidhani mnakufa."

"Nani kakuambia tunakufa?" Anayeuliza ni mche mnene wa pembeni, mama mtu mzima kwa sauti yake. "Sisi tumelelewa shambani, miguu majini, kichwa nje. Majani haya ni ya hewani. Wewe unaingia kuoga na koti?"

"Hapana, mama."

"Sasa humu ndani tufanye nalo nini koti? Tunavua, ndipo tuvae ya majini. Lakini kila tukianza kuvaa, huyu hapa na tochi. Kila tukishika nguo, huyu hapa anatuvuta juu kuchungulia miguu yetu. Nyumba gani hii?"

Mimea mingine inaguna kuafiki.

"Na nguo hizo mpya," Gwakisa anauliza, bado amefumba macho, "zipo kweli?"

"Wewe unafanya nini sasa hivi?"

"Naota."

"Na sisi tunaota. Mbona sisi hatukung'oi kuhakikisha?"

Maji yanampita Gwakisa masikioni. Kisha anasema lile lililomkaa rohoni tangu majani yalipoanza kulegea.

"Mke wangu alisema mkishika ninyi, na mimba itashika. Nami nikanyamaza. Sasa akiwatazama anaona..." Kinywani linatoka povu tupu.

Hata aliyekuwa akihangaika na jani anaacha.

"Sisi tulikuwa hatujui habari hiyo," mama mche anasema, sasa kwa upole. "Tungejua tungekataa tangu dukani. Baba, sisi ni mimea ya tangi. Mmoja wetu akifa kesho, amekufa yeye tu. Mwambie mkeo mzigo huo atutue. Na yeye autue. Yule mtoto ana mambo yake, hajatuuliza lolote."

Gwakisa anahisi kitu kilichokuwa kimembana kifuani kikilegea, kama nati iliyokaa na kutu muda mrefu halafu ikakubali. Analia. Machozi hayaonekani, maana kila kitu ni maji.

"Sasa lete mkono," mama mche anasema. "Mara moja tu, ili uache kutusumbua. Ingiza hapa udongoni. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Ni nini hicho?"

Ni kitu chembamba, kigumu, kinachomvuta vidole kwa nguvu ya ajabu. Gwakisa anafungua kinywa kujibu.

"Baba kijacho! Amka uone!"

Ilikuwa asubuhi, yenye baridi ya kwetu huku. Tusekile alikuwa amelala kwa ubavu, uso wake umeelekea kwenye tangi, si ukutani. Taa ilikuwa imejiwasha kwa saa yake, na kile kichupa kilikuwa kimeanza kuwa kijani cha tikiti maji. Pale kwenye shina la mche mnene wa pembeni, mahali palipokuwa na mlenda mtupu, lilikuwa limetokeza jani dogo, jembamba, lililojikunja kama sigara, kijani kibichi.

"Na kule nyuma lipo jingine," Tusekile akasema. "Nimeliona kabla hujaamka. Nimelitazama mpaka nikaogopa kupepesa."

Gwakisa akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamsimulia ndoto yote. Alipofika kwa konokono nesi, mkewe akacheka hadi akalazimika kushika tumbo, naye Gwakisa akamwambia acheke polepole. Alipofika kwenye maneno ya mama mche, Tusekile hakucheka.

"Nilikuwa naamka usiku kuyahesabu majani yaliyobaki," akasema. "Sikukuambia."

"Nami nilikuwa nayaokota yaliyoanguka kabla hujayaona."

"Basi yaache yaanguke." Akavuta pumzi ndefu, akaitoa yote. "Nitaitazama tu, kama mtu anavyotazama mimea. Nipe uji, nina njaa."

Alikuwa hajasema hivyo tangu wiki iliyopita. Gwakisa akainuka mbio kwenda jikoni, karibu ajikwae kwenye godoro.

"Hebu simama kwanza," Tusekile akamwita. "Mbona umeoga mkono mmoja?"

Gwakisa akajitazama. Fulana yake ilikuwa kavu, suruali kavu, ila mkono wa kulia ulikuwa umelowa hadi begani na ukidondosha maji sakafuni. Kucha zilikuwa zimejaa udongo mweusi. Kwenye kiganja kulikuwa na mzizi mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, umekizunguka kidole cha shahada na kufungwa fundo.

Gwakisa akataka kuukata kwa meno. Tusekile akamshika mkono, akalifungua fundo lile mwenyewe, taratibu, kwa kucha.

"Urudishe ulikoutoa," akasema. "Halafu uji."