Gemu Isiyo na Mlango

Duka la gemu la mtandaoni linaruhusu lebo tatu tu kwa kila gemu. Gemu niliyoitengeneza ina binti anayepika, anayefua, anayepanda mboga kwenye makopo dirishani, anayetafuta funguo alizoficha mama yake, na anayesikia vishindo ukumbini wakati hakuna anayetembea. Sasa hiyo niiweke fungu gani? Kilimo? Mafumbo? Kutisha?

"Weka Familia," alisema kaka yangu. Tulikuwa kwenye simu ya video, yeye, mimi na mkaguzi wa duka. Kaka namwita Meneja, kwa sababu tangu utotoni anajua kila kazi inavyotakiwa kufanywa na hajawahi kufanya hata moja. Anakaa mtaa wa pili. Mama anakaa na mimi, au tuseme mimi ndiye ninayekaa na mama. Yuko chumba cha pili, kitandani, tangu kiharusi kilipompata miaka mitano iliyopita.

"Familia ni ya watoto," nikasema. "Weka Mafumbo, Kutisha na Kutoroka."

"Dada, mshika mawili moja humponyoka."

"Na wewe usiyeshika hata moja, limekuponyoka lipi?"

Mkaguzi akakohoa ili asicheke. Ni mama wa makamo, mpole, ananiita mdogo wangu. Akanieleza kwamba siku hizi wanunuzi wote wamejazana kwenye rafu ya Kutoroka. Ukiwa huko utaonekana, nje ya hapo utazama kama jiwe.

Hilo nililijua, na ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Gemu ikiuzika, ningemwajiri muuguzi wa kukaa na mama, nami ningepanga chumba changu, hata kiwe kidogo kama stoo, ambamo hakuna mtu atakayegonga ukuta kwa kikombe kuniita nikiwa ndani. Sikuwa nimemwambia mtu. Meneja angenisomea hotuba.

"Ila Kutoroka lazima tuthibitishe," mkaguzi akasema. "Kila gemu ya rafu hiyo, aliyeitengeneza anatuonyesha mlango wa kutokea. Nimeicheza mpaka mwisho, mdogo wangu, sijauona. Hebu nionyeshe."

"Upo," nikasema, nikacheka.

Nikampitisha binti jikoni, nikampeleka ukumbini. Mahali pa mlango palikuwa na kabati. Nikalisogeza kabati, nyuma yake ukuta. Nikazunguka nyumba nzima huku wanaangalia. Nilikuwa nimechora nyufa za vikombe, doa la maji darini, hata kifungo kilichodondoka kwenye gauni la mama. Mlango wa kutokea sikuwahi kuuchora. Miaka yote hiyo nilijigamba kwamba natengeneza gemu ya kutoroka, na wazo la mlango halikunijia hata mara moja. 

"Si uitoe tu hiyo lebo?" Meneja akasema. "Kwani nani anatoroka?"

Nikamtoa kwenye simu. Mkaguzi akanipa mpaka jioni.

Kuchora mlango si kazi. Niliuweka palipokuwa na kabati, nikaupa kitasa, nikachora na barabara mbele yake. Binti akafungua, akatoka, akapiga hatua chache. Mama yake akamwita kutoka ndani, naye akageuka akarudi. Nikamtoa tena. Akaitwa, akarudi. Mimi mwenyewe ndiye niliyempangia hivyo tangu mwanzo: akiitwa anarudi, mchezaji abonyeze asibonyeze. Waliojaribu gemu walilalamika kwamba inaudhi. Niliwajibu kwamba ndivyo ilivyo, wazoee.

Dawa ilikuwa kuizima ile sauti, na kuizima ni mstari mmoja tu wa programu. Lakini ile sauti ni ya mama yangu. Niliitoa kwenye ujumbe wa sauti wa zamani wa simu, siku alipotaka nije nimfungulie chupa ya mafuta iliyomshinda. "Mwanangu, njoo mara moja," anasema, na mwishoni anacheka kidogo. Tangu kiharusi hajasema neno.

Nikaizima. Binti akatoka, akaifuata barabara, hakugeuka. Mlango umefanya kazi, gemu imekwisha, na rafu ni yangu. Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu.

Kisha nikarudi ndani ya ile nyumba, kuhakikisha tu hakuna kilichoharibika. Mama wa kwenye gemu alikuwa ameketi kitandani, ameelekea ukumbini. Mdomo wake ulifunguka, ukafumbika, ukafunguka tena, kama nilivyouchora uende na maneno, na hakuna kilichotoka. Ndivyo mama yangu anavyoniangalia kila asubuhi. Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia mama kwa kunishika hivyo, nikajikasirikia kwa kuwa nilikuwa nimepiga makofi.

Nikairudisha sauti, nikaufuta mlango. Nikamwandikia mkaguzi aondoe Kutoroka.

"Una hakika, mdogo wangu?" akajibu papo hapo. "Hakuna atakayeiona."

"Nina hakika," nikaandika. Nilidanganya. Nikafunga kompyuta, nikaenda kumgeuza mama ubavu wa pili.