Twyla na Paiki

Sisi Waspokane, wenyeji wa asili wa Marekani, tulikosa samaki wa samoni tangu bwawa lilipowazuia kupanda mto kutoka baharini, kabla mama hajazaliwa. Tulipoanza kupandikiza vifaranga wao, paiki, samaki wa kuletwa mwenye meno kama msumeno, aliwameza.

Dada yangu Twyla hakukubali. Kila barafu ilipoyeyuka alitega nyavu za paiki kwenye ziwa la nyuma ya bwawa, vidole vimekufa ganzi.

"Dada, ziwa lote hili utalimaliza lini?" nilimtania.

"Cheka tu, mvivu wewe! Paiki huyu mmoja tumboni ana samoni wetu wanne. Nimwache?"

Vuli hii tulimwona samoni jike akichimba kiota cha mayai kwenye changarawe ya kijito chetu. Twyla alipiga magoti majini akalia waziwazi. Sikumtania. Nilipiga magoti kando yake.